Mti Uliokatwa Hauna Shahidi

Vijana wa idara mliniomba, siku ile ya kuniaga, niandike mambo ya kazi yetu kabla sijayasahau. Nilicheka, kwa sababu mliyasema hayo mdomo umejaa keki, na mmoja wenu alikuwa ametundika koti lake kwenye mche mlionipa zawadi. Lakini nimerudi nyumbani, nimekaa wiki kadhaa bila mtu wa kunigongea mlango, nikaona afadhali niandike kuliko kuzungumza na sufuria. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya miti ya barabarani, juu ya Mzee Hoza aliyenifundisha kuitazama, na juu ya mti mmoja ulioninyang'anya rafiki pekee niliyekuwa naye katika mji huu wa Lushoto. Huo mti ndio unaonifanya nishike kalamu. Hayo mengine ni njia ya kuufikia.

Mimi ni mtu wa Mnazi, huko chini tambarare, ambako kivuli ni mali. Nilipopandishwa huku milimani kuanza kazi ilikuwa Julai, na sikuwa nimeambiwa lolote kuhusu Julai ya Lushoto. Nilishuka kwenye basi na sandali miguuni. Ukungu ulikuwa umelala mpaka barabarani, na watu walipita wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Afisa utumishi alinitazama kuanzia vidoleni kupanda juu, akaniuliza kama nimekuja kazini au napita tu. Nikamwambia nimekuja kazini. Akaguna, akanipa ufunguo wa ofisi yangu, ambayo ilikuwa meza moja ndani ya stoo ya zana, kati ya matoroli na mifuko ya saruji.

Siku hiyohiyo nikapewa na jina. Mwanamume wa kazi yetu huitwa Bwana Miti, basi mimi nikawa Bibi Miti, binti ambaye hata mvi moja sikuwa nayo. Jina lilinisubiri, na sasa nimelifikia.

Kazi ya miti ya mji ni kazi ya mtu mmoja. Wenzetu wa misitu wana milima yao, wana magari, wana walinzi na watu wa kugombana nao. Wa kilimo wana wakulima. Mimi nilikuwa na barabara chache, miti iliyopandwa na watu waliokwisha kufa, vibarua wa msimu, na Mzee Hoza. Yeye alikuwa msimamizi kabla yangu, mtu wa Mlola, amesomea chuo kilekile nilichosomea mimi ila zamani sana, na alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Maneno yake yalikuwa machache na alichanganya na Kishambaa, hasa akikasirika, kwa hiyo mwanzoni sikujua nimetukanwa mara ngapi.

Asubuhi ya kwanza alinitembeza barabara ya kwenda hospitali, chini ya jakaranda. Nikawa natazama juu, kama tulivyofundishwa.

"Unaangalia nini huko?" akaniuliza.

"Majani, mzee."

"Majani yatakudanganya. Mti unaweza kuwa umekufa, na majani hayajapata habari. Inama."

Nikainama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kila kilicho muhimu katika kazi hii kipo mvunguni. Alinionyesha shina linapoingia ardhini: kama udongo umepasuka upande mmoja baada ya upepo, mti unang'oka polepole; kama kuna uyoga unaojirudia mahali palepale kila masika, kuna kitu kinaliwa ndani. Kisha akatoa nyundo ya mbao kwenye mfuko wa koti na kuanza kugonga shina, huku ameliwekea sikio. Mti mzima hujibu kwa mkato. Mti wenye uwazi hujibu kama mtu aliye chumba cha ndani. Nilitumia mwaka mzima kujifunza tofauti hiyo, na wapita njia walinizoea, ingawa kina mama wengine walikuwa wakiwavuta watoto wao upande wa pili wa barabara.

Mengine ya kazi nayaandika haraka kwa sababu mtayahitaji. Mashimo yachimbwe kiangazi na yaachwe wazi, udongo upigwe jua. Ukichimba siku ya kupanda umechelewa. Mche usizikwe zaidi ya ulivyokuwa kitaluni. Kiriba kitolewe chote. Nimeng'oa miche iliyokufa nikakuta mizizi imejiviringisha ndani ya plastiki, maana aliyepanda alidhani itajua pa kutokea. Na kizimba cha mianzi ni lazima, lakini msidhani ni kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wa huku hawatembei, wamefungwa mabandani. Wanaotembea ni wenye ng'ombe, na mapanga yao, wakitafuta majani. Nimewahi kumkuta mzee mmoja mstaarabu sana, mtu wa kanisani, juu ya mti wa serikali, tai shingoni, akimkatia ng'ombe wake kifungua kinywa. Tulisalimiana vizuri tu.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ni letu watu wa Usambara peke yetu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Huku kila mtu ni mkulima, hata mwalimu, hata karani. Na mkulima wa milimani ana miti ndani ya shamba lake, juu ya makingamaji, na anajua kuikata: anapanda juu na panga, anaondoa matawi yote, anaukata mti shingo, anauachia kishungi kidogo kileleni. Kuni anapata, na maharage chini yanapata jua. Kwa shamba ni sawa kabisa. Lakini vibarua wangu wote walitoka mashambani, na kwao mti ni mti.

Niliwahi kwenda Tanga kwenye mafunzo. Niliporudi nikakuta jakaranda zote za barabara ya hospitali zimesimama kama vijiti vya miswaki. Kiongozi wa vibarua alinipokea akitabasamu.

"Bibi Miti, tumekusafishia. Mwanga sasa unapita."

"Unapita kwenda wapi, mgosi? Hapa kuna maharage?"

Akatazama lami huku na huku. "Hakuna," akasema. "Lakini yakipandwa yatapata jua."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Mti wa barabarani ukikatwa shingo haufi. Unachipua kwa hasira, matawi mengi kwa pamoja, na kila mtu anasema mnaona, umependeza. Lakini matawi hayo hayakuzaliwa kwenye moyo wa mti. Yameshikwa na ganda la juu tu. Yananenepa, yanakuwa mazito, na pale pa jeraha maji yanaingia. Baada ya miaka mingi, siku ambayo hakuna anayeitarajia, moja linachanika na kuondoka na ubavu wa shina. Jakaranda zile niliziokoa kwa kuchagua machipukizi na kuyapunguza kila mwaka, kwa msumeno wa upinde na ngazi iliyonichukia. Kulikuwa na mti mwingine ambao ulikatwa shingo kabla yangu, kabla hata ya Mzee Hoza, na aliyeukata hakuna aliyemkumbuka.

Huo ulikuwa mshai wa geti la chini la soko, pale malori yanapopakia kabichi. Wenyeji mnaijua mishai. Kwa mgeni niseme ni mti wa msitu wetu, unaotandaza matawi yake kama meza pana ya majani madogo. Chini ya ule kulikuwa na kina mama wa chai na maandazi, wakiwa wamepanga majiko yao kuzunguka shina. Wa kwanza upande wa barabara alikuwa Mama Nuru.

Nilimfahamu juma langu la kwanza. Nilikuwa napita na zile sandali, natetemeka, akaniita.

"We binti, njoo hapa. Wewe ndiye wa miti?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Miti haijawahi kuua mtu hapa, ila baridi imeua. Kaa."

Akanipa chai ya tangawizi kali iliyonitoa machozi, akavua shuka alilojifunga mabegani akanifunga mimi. Jioni nilipomrudishia alikataa kulipokea. Alikuwa mama mtu mzima, mjane, mkwe wa watu wa Mlalo, Mlutheri wa kuimba kwaya. Mimi Mwislamu wa tambarare, sina ndugu mlimani. Kuanzia siku ile, kila asubuhi nikimaliza mzunguko wangu nilikaa kwenye benchi lake. Alinifundisha Kishambaa, na alinifundisha kwanza yale maneno ya Mzee Hoza, nikajua hesabu yangu. Aliniita Zaina. Katika mji mzima ni yeye tu aliyeniita kwa jina langu.

Sikuolewa, nalisema wazi kwa kuwa najua mtauliza. Wachumba walikuja, wakaona buti na nyundo, wakaaga. Wengine niliwaona mimi, nikaaga. Mama Nuru alikuwa akisema, "Muache Zaina, ana mume kila barabara, na wote hawasemi." Tulikuwa tukipelekeana sahani: Idi namtumia pilau, Krismasi ananitumia wali na nyama. Na mama yangu alipofariki, huyu mama alifunga jiko, akashuka nami mpaka Mnazi, akakaa msiba wote kwenye joto lile ambalo hakuwahi kulionja, uso umemvimba, anajipepea na mfuniko wa sufuria, na hakulalamika hata mara moja. Ndugu zangu waliniuliza huyu ni nani kwako. Nikawaambia ni dada yangu.

Mzee Hoza alistaafu akarudi Mlola, na baada ya muda tukamzika huko. Siku yake ya mwisho kazini aliniachia nyundo, na akaniachia kanuni moja ambayo niliishika kama msahafu. "Mti ukiutilia shaka," alisema, "usiwaulize wanaokaa chini yake. Watu wanapenda kivuli, hawaoni mti. Ukiwauliza watakulilia, na ukiwahurumia utakuja kuwazika." Alikuwa amewahi kuona tawi likiua mtu, kijana, na hakupenda kulizungumza. Kwa hiyo niliichukua kanuni ile bila kuihoji. Baada yake idara ikawa mimi na viti vitupu. Waliletwa vijana wawili watatu, wakakaa msimu mmoja, wakapata nafasi wilaya nyingine. Siwalaumu. Hakuna anayeota kuwa mtaalamu wa jakaranda kumi na ukungu.

Ikaja masika moja nzito. Mvua zilipokatika nilipita getini kama kawaida, nikainama chini ya mshai, nikaona uyoga. Uyoga peke yake si hukumu. Nikagonga, na mti ukanijibu kutoka chumba cha ndani. Nikapanda ngazi mpaka pale ulipokatwa shingo zamani, nikakuta tawi kubwa la upande wa barabara lina ufa unaotoka maji meusi. Nikashuka. Mama Nuru alikuwa anageuza maandazi chini ya tawi lilelile.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kila asubuhi niliuzunguka mti ule, nikagonga, nikasikiliza, nikapima ufa kwa vidole. Kupunguza matawi ilimaanisha kuukata shingo mara ya pili, na jeraha juu ya jeraha lingeuoza kabisa. Kuhamisha kina mama kulikwisha kujaribiwa na wakubwa wa soko kwa sababu zao nyingine. Ukiwahamisha Jumatatu, Jumatano wamerudi, jiko linawaka. Na kulikuwa na upande wa pili wa shina ambao ulilia vizuri, mkavu, mzima. Kuna siku nilisema mti huu utadumu kuliko mimi. Siku ya pili upepo ukivuma natoka mbio ofisini kwenda kuutazama.

"Unauzunguka huo mti kama unataka kuuposa," Mama Nuru aliniambia. "Mahari ukinipa mimi nitakuozesha."

Nilicheka, nikanywa chai. Kanuni ilikuwa kanuni.

Nikapeleka ushauri kwa mkurugenzi: ukatwe. Likaitishwa kusanyiko pale sokoni, mkurugenzi amesimama, mimi pembeni yake na sare yangu. Nilieleza habari ya uyoga, ya ufa, ya uwazi. Watu walinisikiliza kama wanavyomsikiliza daktari wa mtu mwingine. Kisha Mama Nuru akasimama, mikono imejaa unga.

"Naomba kuuliza," alisema. "Huyu amekunywa chai chini ya mti huu miaka yote. Jana kanywa. Leo ndiyo umekuwa hatari?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi akanitazama nijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni hatari. Lazima ukatwe."

Ndiyo yote niliyosema. Mama Nuru akajifuta mikono kwenye khanga.

"Haya, Bibi Miti," akasema, akakaa.

Tuliukata siku ambayo si ya gulio. Tulifunga kamba za katani matawi ya juu, tukayashusha moja moja, kila tawi mkato wa chini kwanza halafu wa juu, lisichane ganda. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kusimamia, na hakuna aliyeniambia kazi nzuri. Watu walikuja wakakaa kando ya barabara kama wako msibani. Kina mama wamejitanda khanga, wanaume wamenyamaza. Jua lilipofika mahali ambapo halikuwahi kufika, mbwa aliyekuwa analala pale aliinuka, akatafuta kivuli, akakikosa, akaondoka.

Shina lilipolala watu wakakimbilia kisiki. Nusu yake ilikuwa imeoza, laini kama mkate uliolowa. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe, nzima, inanukia.

"Mnaona?" akasema mmoja. "Umeoza!"

"Mnaona?" akasema mwingine, anakinyooshea kisiki hichohicho. "Mzima! Wameua mti mzima!"

Na mimi nilisimama katikati yao. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yetu, wanangu, na sikuipenda. Mganga akimponya mtu, mtu anatembea, anaonekana. Mti uliokatwa hauna shahidi. Hauangukii mtu, na yule ambaye haukumwangukia hajui kama angeangukiwa, wala wewe hujui. Unabaki na kisiki na watu wanaokigombania.

Mama Nuru alihamishia jiko lake geti la juu, chini ya bati. Asubuhi iliyofuata nilipita, nikamwambia shikamoo. Akaniitikia marahaba, vizuri kabisa, kwa sababu huku hata adui haiachi salamu yako ianguke. Nikasimama. Akaendelea kugeuza maandazi. Benchi lilikuwapo, limejaa watu, na hakumwambia yeyote asogee. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Mtu anaweza kukuitikia marahaba miaka kwa miaka na asiseme nawe.

Idi ilipofika nilimpelekea pilau kama kawaida. Mnajua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu, utatia hata ndizi mbili, hata chumvi. Sahani yangu ilirudi imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Nililia siku hiyo. Nilikaa kwenye kiti cha stoo yangu, mlango nimeufunga, sahani mapajani, nikalia kama mtoto. Krismasi haikuleta wali. Idi iliyofuata sikutuma kitu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kupika pilau la mtu mmoja.

Nikaanza kubeba chupa ya chai kutoka nyumbani. Mlionikuta mwishoni mlidhani napenda upweke, nikasikia mkisema Bibi Miti hataki mazoea. Sikuwasahihisha. Kazi iliendelea, maana miti haina habari na huzuni zako. Nilipanda mwerezi karibu na mahakama na mikafuri kuelekea hospitali. Niligombana na watu wa umeme ambao wakiona tawi karibu na waya hulikata wakiwa hawajazima injini ya gari. Niliwafundisha vibarua wapya kutokata shingo, nikaondoka likizo, nikarudi, nikawafundisha tena. Nilifika mahali nikajua kila mti wa mji huu, unavyolia ukigongwa na unavyolala upepo wa Agosti. Na jioni nilirudi kwenye chumba changu nikala chakula changu nikiwa nimewasha redio ili kuwe na mtu anayeongea.

Mama Nuru miguu ilimshinda, akarudi Mlalo kwa mkwewe. Sikuambiwa. Nilipita asubuhi nikakuta mwingine ameshika jiko, nikauliza, akanijibu kwa mshangao, "Kwani hukujua? Si alikuwa mtu wako?" Nikasema ndiyo, alikuwa mtu wangu.

Baada ya kustaafu ndiyo nikapata siku ambazo hazina kazi. Nikaanza kupanga kila asubuhi kwenda Mlalo, na kila asubuhi nikapata sababu ya kutokwenda. Mara mvua, mara goti. Juzi hapakuwa na mvua na goti lilikuwa zima, nikapanda gari.

Nilimkuta amekaa uani kwenye mkeka, ungo wa maharage miguuni, anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Amepungua. Alisikia hatua zangu kabla sijapiga hodi.

"Ni Bibi Miti huyo?"

"Ni Zaina. Shikamoo, Mama Nuru."

"Marahaba. Nimesikia umestaafu."

"Nimestaafu."

"Basi kaa. Watumishi wa serikali nilikuwa siwakalishi."

Nikakaa. Tukazungumza habari za mvua na bei ya viazi, habari za watu waliokufa, ambao ni wengi. Kisha akasema bila kuinua uso:

"Nataka nikuulize jambo. Usinijibu kiofisi."

"Uliza."

"Ule mshai ungeanguka?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu la swali hilo tangu kisiki kikiwa kibichi. Nilikuwa na uyoga, ufa, uwazi, nyundo ya marehemu. Lote likanitoka.

"Sijui," nikasema. "Labda masika ileile. Labda hadi leo ungekuwapo."

"Hujui."

"Sijui, Mama Nuru."

"Na ukaukata."

"Ulikuwa unakaa chini yake."

"Tulikuwa wengi pale."

"Mlikuwa wengi, ndiyo. Lakini tawi lenye ufa lilikuwa juu ya jiko lako. Ungekuwa hukai pale ningeufunga kamba, nikauangalia mwaka mwingine, na mwaka mwingine. Kwa watu wengine ningethubutu kusubiri. Kwako niliogopa."

Vidole vyake vilisimama juu ya maharage.

"Siku ile sokoni mbona hukusema hivyo?"

"Mkurugenzi alikuwa amesimama pale. Na nilifundishwa tusiwaulize walio kivulini."

"Mkurugenzi," akasema taratibu. "Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mwanangu Nuru, kumbe miaka yote nilikuwa nampa chai mtu wa halmashauri. Nikadhani uliniona mchuuzi wa kuondolewa tu, kama wengine. Nililia, Zaina. Wewe ulikuwa na ofisi yako ya kwendea. Mimi nilikuwa na nani? Kila asubuhi unapita, unanipa shikamoo na ile sare, nami nasubiri uvue sare useme neno."

"Na mimi nilisubiri useme wewe."

Aliendelea kukaa vile, mikono ndani ya ungo, ameelekeza uso kule aliposikia sauti yangu.

"Tumezeeka bure," akasema.

Akausogeza ungo ukafika katikati yetu, tukaanza kuchambua wote wawili, yeye akipapasa, mimi nikitoa yaliyomponyoka. Jua lilipoanza kwenda nyuma ya mlima akaniuliza kama gari la mwisho la Lushoto limeshaondoka, maana eti siku hizi masikio yake nayo si ya kutegemea.

Nikamwambia limeondoka. Lilikuwa bado.